Maji Mdomoni mwa Nyanjige

Siku aliyoombwa msamaha, Nyanjige alijipaka mafuta mpaka visigino, akavaa kile kitenge chake cha misibani, akafunga mlango kwa kufuli ambalo halikuwa na kazi yoyote, maana wezi wote wa kitongoji walikuwa wameshatangulia mkutanoni. Alikuwa na furaha. Tuseme kweli tu, haikuwa furaha ya mtu anayekwenda kusamehe. Ilikuwa furaha ya paka aliyekuta mlango wa stoo wazi.

Kitongoji chenyewe kiko pembeni ya Sapiwi, huko Bariadi, pamba kushoto na malisho kulia. Jina lake tuliache. Watu wake wanajua kusoma, na wana fimbo.

Nyanjige ni mjane. Marehemu mumewe, Maige, alimwachia nyumba ya bati, mbuzi wachache wasio na adabu, na majaruba ya mpunga kule bondeni ambayo hushika maji hata mwaka ambao mawingu yamegoma. Majaruba hayo ndiyo yaliyomnyima usingizi Bujiku, mdogo wake marehemu. Alikuja mara ya kwanza, msiba haujapoa, akauliza: shemeji, mwanamke peke yake atalimaje bondeni? Nyanjige akamwambia kwamba hata Maige alipokuwa hai, aliyekuwa akilima bondeni ni mwanamke. Maige alikuwa akija kutazama kama maji yamejaa. Bujiku akaondoka anacheka, kile kicheko cha meno tu.

Msimu huohuo maksai wawili wa Bujiku wakafa. Walikutwa asubuhi wamelala chini, povu mdomoni, miguu imenyooka kama ya meza iliyopinduliwa. Na jana yake jioni Nyanjige alikuwa amepita karibu na zizi akasema, "Wamenona hawa." Maneno mawili. Ukitaka kujua uzito wa maneno mawili kwa Wasukuma, msifie mtu ng'ombe wake jioni, halafu ng'ombe wafe asubuhi.

Bujiku hakuhitaji zaidi. Alipita mji hadi mji, kaya hadi kaya, akiyarudia yale maneno mawili, na kila mji yalizidi kunenepa. Kufika mwisho wa njia, Nyanjige alikuwa amezunguka zizi usiku bila nguo akiwa amepanda fisi. Isitoshe alikuwa na macho mekundu, alama ya mchawi. Wanawake wote pale wana macho mekundu kwa moshi wa vijiti vya pamba wanavyopikia, ila macho ya wenzake yalikuwa na waume wa kuyatetea.

Ikaitishwa dagashida, ule mkutano mkuu ambao wanaume hukaa chini kwa duara na kuamua mambo ya watu ambao hawakuruhusiwa kukaa. Aliyeongoza ni Luhende, mtemi wa sungusungu, wale walinzi wa kijadi, mwanamume mwenye filimbi shingoni na tumbo lililofika mkutanoni kabla yake. Luhende aliuliza kama kuna ushahidi. Bujiku akasema ushahidi ni maksai, wamekufa. Luhende akasema hilo ni kweli, wamekufa. Basi kesi ikaisha. Nyanjige atengwe.

Kutengwa ni hivi: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa kaa la moto, wake ukizimika, hakuna kumsagia, hakuna kumchekea, na akifa azikwe na mbuzi zake. Atakayevunja, naye anatengwa.

Hapo ndipo Nyanjige alipowajua jirani zake. Milembe, ambaye walikuwa wakichangia chumvi na siri za ndoa, alihamisha mlango wa jiko ukaangalia upande wa pili. Mwenye mashine ya kusaga alizima injini kila alipomwona akija na debe, akasema mkanda umekatika. Mkanda ule ulikuwa ukipona mgongo wake tu ukigeuka. Kanisani, katekista Selestini alipowaambia waumini watakiane amani, mikono yote iliyokuwa karibu na Nyanjige ilipata kazi ya kujikuna. Na Bujiku, kwa huruma yake, akaingia bondeni na jembe "kuyatunza majaruba ya marehemu yasiote magugu". Aliyatunza vizuri sana. Alivuna.

Misimu miwili Nyanjige aliulinda moto wake kama mtoto mchanga, akasaga kwa jiwe, akazungumza na mbuzi. Mbuzi akawapa majina. Yule jike mnafiki akamwita Milembe. Beberu akamwita Luhende, na siku ya kumhasi alitabasamu tangu asubuhi.

Ukweli ulitoka kama ukweli wa vijijini unavyotoka: mtu na mkewe waligombana. Ilikuwa siku ya gulio, njia imejaa watu. Bujiku alimwambia mkewe, Kabula, kwamba chakula chake kina uchafu. Kabula akatoka nje ya ua ili asikike vizuri.

"Mimi mchafu?" alisema. "Mimi? Wewe uliyeosha bomba la dawa ya pamba ndani ya pipa la kunyweshea maksai, ukaenda zako kulala, leo unaniambia mimi mchafu?"

Watu waliokuwa na kuku mikononi walisimama. Hata kuku walisimama. Bujiku alijaribu kucheka, meno yakatoka, sauti ikakataa.

Dagashida ikaitishwa tena, duara lilelile, makalio yaleyale. Luhende akatangaza kwamba Bujiku amemsingizia mtu, kwa hiyo atatoa ng'ombe, na ng'ombe huyo ataliwa na kitongoji kizima. Hukumu ilipokewa kwa furaha kubwa. Hakuna aliyeinuka kuuliza ni nani aliyemtenga Nyanjige kwa ushahidi wa mizoga. Kila mmoja alikuwa akifikiria paja.

Pale kwao, hasira ya mtu aliyekosewa inakaa kooni, na haitoki kwa maneno. Mkosaji anaungama mbele ya watu. Aliyekosewa anapewa maji, anajaza mdomo, halafu anayatema. Na hasira inatoka nayo. Nyama haiguswi kabla ya hapo. Atakayeila, itamla yeye.

Ndiyo maana Nyanjige alijipaka mafuta.

Alipofika, masufuria yalikuwa yanachemka. Waliomtenga walikuwa wamefika wote, na vibakuli. Wengine walikuwa wamekwisha kuchonga vijiti vya meno, wanajiandaa kwa tatizo ambalo halijatokea. Alikalishwa kwenye kigoda katikati. Selestini akaomba sala ndefu, kisha akamwinamia.

"Mayu Nyanjige," alisema, akimwita mama kwa sauti yake ya mimbari, "Mungu husamehe bure."

"Mungu hajawahi kunyimwa moto, katekista."

Selestini alikohoa, akarudi kukaa karibu na maini.

Luhende akamletea kibuyu. Nyanjige akapiga funda moja kubwa, mashavu yakamjaa kama ya mtoto anayepuliza puto. Bujiku akaja akapiga magoti. Alikuwa amefanya mazoezi, ilionekana.

"Shemeji," alisema, "kama kuna mahali nilikukosea, basi unisamehe."

Kama. Nyanjige alilisikia lile neno likiingia sikioni na viatu vyake. Alimtazama Bujiku. Hakutema.

"Haya, mayu," alisema Luhende. "Tema."

Hakutema.

Hapo watu waligundua jambo ambalo hakuna mtunga desturi aliyewahi kulifikiria: mtu mwenye maji mdomoni huwezi kubishana naye. Huwezi kumuuliza anataka nini. Huwezi kumsihi akakujibu. Unamtazama tu, naye anakutazama, na nyama inalainika.

Nyanjige aliinuka kwenye kigoda. Akaenda polepole mpaka mbele ya Milembe, akasimama, mashavu yake karibu yaguse pua ya mwenzake.

Milembe alitazama chini. Akatazama kando. "Si niliogopa," alisema. Nyanjige hakuondoka. "Nilisikia moto wako umezimika siku ile ya mvua ya mawe," Milembe akaendelea, sauti imepungua. "Nilikuwa na moto. Nilikusikia unakohoa gizani, nikawaambia watoto wanyamaze usije ukajua tuko macho." Kisha akaanza kulia, bakuli bado mkononi.

Nyanjige akasogea kwa mwenye mashine. Huyu hakungoja pua ziguse. "Mkanda ulikuwa mzima," alisema. "Siku zote ulikuwa mzima."

Selestini naye, alipofikiwa, alijikuna kwa mazoea, akaushusha mkono wake kwa mkono wa pili. "Hata mimi nilijikuna," alisema taratibu, na waumini wakashindwa wacheke au wasali.

Kwa Luhende alikaa zaidi. Luhende aliishika filimbi yake. "Mimi nilifuata sauti ya watu," alisema. Mashavu hayakutikisika. "Mimi ni mtu wa hukumu, sina ubaya na mtu." Mashavu kimya. Jasho lilimtoka Luhende, lakini hakusema zaidi. Wakubwa wengine hata ukiwachemsha hawaivi.

Ndipo Nyanjige akarudi kwa Bujiku, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumfundisha unyenyekevu. Upepo ulileta harufu ya mchuzi. Kutoka nyuma mtu akamnong'oneza Bujiku, "Ngosha, sema bwana, tunakufa."

"Nilijua," alisema Bujiku. "Asubuhi ileile nilijua. Nilinusa pipa, nikanusa midomo yao, dawa tupu. Niliona haya kusema nimewaua mwenyewe. Na wewe ulikuwa umepita jioni."

Watu waliguna. Nyanjige alihisi kitu kikilegea kooni, na nusura ateme. Mate na maji vilifika kwenye meno. Lakini alingoja, kwa sababu palikuwa na neno moja limebaki, nalo ni neno lenye maji na mpunga ndani yake. Alingoja Bujiku aseme bondeni. Jicho lake moja lilikwenda kwenye masufuria.

Mtu huyu alikuwa anatubu dhambi huku mavuno ya dhambi ameyakalia ghalani.

Nyanjige akameza.

Kooni mwake pakasikika goi, na watu wote wakalisikia, mpaka waliokuwa wanachochea kuni.

"Umefanya nini?" aliuliza Luhende.

"Nilikuwa na kiu."

"Mayu, nyama itaharibika."

"Hata mimi niliharibika," alisema Nyanjige, "na sikumwona mtu akikimbia."

Akafunga kitenge chake vizuri, akaenda nyumbani.

Kitongoji kilikaa kikitazama masufuria mpaka jua likaelekea kuzama. Wapo waliopendekeza mambo: kwamba kumeza nako ni namna ya kutema, kwa ndani. Kwamba pengine utumbo si nyama. Lakini hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza, na mwisho mbwa ndio walioamua. Mbwa wa Sapiwi siku hiyo walisamehewa makosa yao yote.

Hasira ya haki hutembea kwa mkongojo. Hasira ya nyama ina pikipiki. Jioni hiyohiyo, duara zima likiwa na njaa, Bujiku alitengwa. Na Luhende akaongeza kwa moyo mbaya kabisa kwamba kila siku atapeleka maji kwa mjane, mpaka atemewe. Kwa ndoo. Kichwani.

Msomaji ambaye hajafika Usukumani huenda asione uzito wa hilo neno kichwani. Mwanamume wa pale anaweza kubeba maji kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kwa punda. Akibeba kichwani, hata punda atamwonea haya. Na kilikuwa kiangazi, kisima kiko mbali, njia inapita gulioni.

Kila asubuhi Nyanjige alikuwa nje kabla jua halijapanda, kigoda amekigeuza kielekee njiani asikose kitu. Kwanza ingeonekana ndoo ikipanda kilima kama inajitembeza yenyewe, kisha shingo ya Bujiku, imedidimia, kisha Bujiku mzima, amelowa upande mmoja.

"Mwangaluka, mayu," angesema Bujiku.

Nyanjige hakuitikia. Mtu aliyetengwa hasalimiwi, sheria ni sheria. Alichota kibuyu, akajaza mdomo, akamtazama. Bujiku akafumba macho, akangoja. Kisha kooni: goi.

"Kesho," angesema Nyanjige, na maji yaliyobaki akawanyweshea mbuzi.

Wahubiri watakwambia kisasi ni kichungu, kinamla anayekibeba. Nyanjige hakuuona huo uchungu. Alinenepa. Ngozi iling'aa. Ule mgongo uliokuwa ukimsumbua ulinyooka, na usingizi uliokuwa umemkimbia tangu msibani ulirudi ukakoroma. Kama kisasi kingekuwa kinauzwa gulioni kwa kopo, angewashauri wajane wote wanunue.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomuudhi. Asubuhi moja alichelewa kutoka, akamkuta Bujiku ameketi chini karibu na zizi, ndoo pembeni, anazungumza. Alikuwa anamweleza yule beberu habari za Kabula: amerudi kwao, amechukua na sufuria, na habari za mashine ya kusaga ambayo mkanda wake siku hizi umekatika tena. Beberu alikuwa anatafuna, anamtazama kwa makini, kama alivyokuwa akimtazama Nyanjige misimu miwili. Nyanjige alisimama mlangoni. Ilikuwa kama kumwona mtu amevaa nguo yako, na imemtosha.

"Usizungumze na mbuzi wangu," alisema.

"Samahani, shemeji. Sina mwingine."

"Najua huna mwingine. Ndiyo maana nimekwambia usizungumze nao."

Siku hiyo alimeza kama kawaida, lakini maji yalipita vibaya, akakohoa mpaka mchana.

Mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi moja ndoo haikupanda kilima. Alipanda Bujiku peke yake, kichwa kitupu, tope mpaka kwenye magoti, jembe begani. Nyanjige alikaza uso. Alikuwa amejiandaa kwa uasi muda mrefu, na matusi yake yalikuwa tayari, yamepangwa.

"Maji yako wapi?"

"Sikuleta." Bujiku aliweka jembe chini. "Nimetoka bondeni. Kingo zilikuwa zimebomoka, nimezipandisha. Maji ya mvua yameingia vizuri."

"Unatengeneza kwako."

"Natengeneza kwako. Sirudi tena kule. Na mpunga uliobaki ghalani nitauleta, ule nilioula siwezi kuutapika." Alijifuta uso, akajipaka tope zaidi. "Si maksai, shemeji. Kila mtu anasema maksai. Maksai walikufa, mimi nikaona njia. Nilikuwa nayataka yale majaruba tangu kaka yuko hai. Nilipokuwa nakusema kule kwenye miji ya watu, nilikuwa natazama bondeni."

Nyanjige alilitazama lile jembe.

"Sijaja unitemee," alisema Bujiku. "Ndiyo maana sikubeba maji. Nimekuja kusema tu." Akainama kuchukua jembe.

"Simama hapo."

Nyanjige aliingia ndani, akachota kwenye mtungi wake mwenyewe, maji baridi ya usiku. Alipotoka mashavu yalikuwa yamejaa. Bujiku alifumba macho kwa mazoea, akangoja goi. Badala yake alipigwa na maji usoni, yote, kwa nguvu za misimu miwili, yakaingia puani, yakateremka na tope mpaka kifuani. Alirudi nyuma akapiga chafya.

"Basi?" aliuliza, anapepesa macho.

"Yametoka yaliyotoka. Mengine yatakauka yenyewe. Nenda zako."

"Hakuna shahidi."

"Mbuzi wapo."

"Hawataniamini kule."

"Hilo ni lako na wao. Kawaambie."

Habari zilifika kwa Luhende kabla tope halijamkauka Bujiku. Mchana wake alikuja, filimbi shingoni, amejifanya mzee wa busara, lakini meno yake yalikuwa yanakumbuka ng'ombe.

"Mwadila, mayu. Tumesikia umetema."

"Nimetema."

"Jambo jema. Jambo la heri. Sasa kama unavyojua, nyama ile iliharibika, na jambo halifungwi bila nyama. Bujiku itabidi atoe ng'ombe mwingine, watu wale pamoja, yaishe."

"Yameisha. Mimi na Bujiku tumemaliza. Ng'ombe wake abaki zizini." Nyanjige alikivuta kigoda chake kivulini. "Ninyi ndio bado."

"Sisi tena?" Luhende alicheka. "Sisi tulifuata hukumu."

"Hukumu haina mikono ya kuzima mashine, Luhende. Haina mlango wa jiko wa kugeuza. Mwongo alikuwa mmoja, waliouma walikuwa wengi. Kila mtu aje na maji yake. Aje peke yake, aseme lake. Anayetaka kula na mimi tena, njia anaijua."

"Na asiyekuja?"

"Asije. Msimu wa kulima umefika, na mwaka huu bondeni kwangu kuna maji kuliko kwenu wote. Atakuja kukopa mbegu, tutaonana."

Luhende aliishika filimbi, akaiachia. Aliuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kuja na baiskeli.

"Kichwani," alisema Nyanjige.

Milembe alikuja jioni ileile. Aliyasema yale ya mvua ya mawe upya, akaongeza mengine ambayo hakuna aliyemuuliza, na ndoo bado iko kichwani. Nyanjige alimtemea pale pale njiani, kisha wakakaa jikoni wakasengenya mpaka ugali ukaungua.

Luhende alichukua muda zaidi. Alionekana kwanza na wanawake waliokuwa wanatoka kuteka maji, mtemi wa sungusungu, anapanda kilima kwa hatua za mtu aliyebeba mayai, ndoo inamwagia filimbi. Watoto walimfuata kwa mbali, kimya, kama wanafuata maiti. Alifika, akatua, akahema.

"Mayu," alisema, "nilikuwa kiongozi, na kiongozi wakati mwingine hulazimika..."

Nyanjige alichota. Akajaza mdomo. Akamtazama kuanzia filimbi mpaka viatu, bila haraka, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Akameza.

"Matamu," alisema. "Kesho jaza zaidi."